Bati lenye shoti: uchambuzi wa kisa cha umeme wa kuungaunga katika nyumba ya wapangaji, Tanga

Kisa hiki ni cha nyumba moja ya kupanga mjini Tanga, msimu wa masika. Majina, mtaa na mwaka vimeondolewa, na watu wanatajwa kwa vyumba vyao. Kimeandikwa kwa ajili ya fundi anayeitwa kwenye nyumba za aina hii, na kwa mwenye nyumba au mpangaji aliyewahi kusikia mtu akisema "bati lina shoti kidogo" kisha mazungumzo yakaendelea na mambo mengine.

Nyumba na umeme wake

Ni nyumba ya Kiswahili ya kawaida: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, na mlango wa nyuma unaotokea uani. Kuta ni za udongo na boriti za mikoko zilizopigwa plasta, paa ni la bati, na hakuna dari. Uani kuna choo, bafu, karo la kufulia, na jiko la tofali lenye paa lake la bati.

Waya za awali ni za zamani, za rangi za wakati ule: nyekundu kwa laivu (waya unaoleta umeme), nyeusi kwa nyutro (unaourudisha), kijani kwa ethi (unaokwenda ardhini kwa usalama). (Siku hizi laivu ni kahawia, nyutro buluu, ethi kijani chenye mstari wa njano. Fundi kijana anayekutana na nyeusi asidhani ni laivu kwa sababu tu aliizoea hivyo kwenye kebo fulani.) Meni swichi iko ukumbini juu ya mlango wa mbele, na chini yake kuna kisanduku cha fyuzi za kauri: moja ya ampea 5 kwa taa, mbili za ampea 15 kwa soketi. Mita ya LUKU, ya umeme wa kulipia kabla, ni moja. Wapangaji saba wanachangiana kununua umeme, kila wiki kwa ugomvi mdogo.

Mpangaji wa saba ndiye wa banda, chumba kilichojengwa baadaye mwisho wa uani. Alikikodi hakina umeme. Mwenye nyumba, anayeishi Dar es Salaam, alimwambia kwa simu: "Ukitaka umeme jiunganishie, ila uchangie LUKU kama wenzio."

Ulivyoungwa

Alinunua mita 15 za waya mwembamba wa nyuzi mbili wa milimita za mraba 0.75, ule wa redio na taa za mezani. Aliuunga kwenye kiboksi cha taa ya ukumbini, upande wa laivu isiyopita kwenye swichi, kwa kusokota shaba kwa vidole na kuzungushia tepu nyeusi. Kutoka hapo akaupenyeza juu ya ukuta, chini ya bati, ukatokea nje, ukalazwa juu ya paa la jiko, ukaingia bandani. Mwisho wake akaunga ekstensheni ya matundu manne. Ethi haikuwepo, maana waya wa nyuzi mbili hauna pa kuipitishia.

Bandani kulikuwa na friji ndogo, pasi ya wati 1,200 na birika la wati 1,800. Gawanya kwa volti 230: pasi inavuta ampea 5.2, birika 7.8, friji chini ya ampea moja ikishatulia. Vyote vikiwaka pamoja ni karibu ampea 13.7, kwenye waya unaostahili kubeba 6. Joto kwenye waya linakua kwa mraba wa mkondo, kwa hiyo ampea ikizidi mara mbili na kidogo, joto linazidi mara tano. Na huo ni waya ulio hewani. Chini ya bati la Tanga saa nane mchana, hewa yenyewe ikifika nyuzi joto 50, waya wa PVC wa kawaida unabaki na takriban asilimia 70 tu ya uwezo wake.

Fyuzi ya taa ilikatika siku ya kwanza alipopiga pasi. Ilikatika tena siku ya tatu. Ilifanya kazi yake sawasawa, na ndiyo sababu ikaondolewa. Badala ya waya wa fyuzi wa ampea 5, wenye unene wa milimita 0.2, akafunga kipande cha waya mzima wa milimita za mraba 1.5, unene milimita 1.38. Shaba ya unene huo haiyeyuki mpaka mkondo ufike karibu ampea 130. Kuanzia hapo taa haikuzima tena, na nyumba nzima ikaona tatizo limekwisha.

Siku 11

*Siku ya 1.* Mvua ya kwanza kubwa. Mtoto anayekinga maji kwenye ndoo chini ya ukingo wa paa la jiko anasema bati linatekenya. Mtu mzima anagusa kwa mgongo wa mkono, anacheka, anamwambia avae ndara.

*Siku ya 3.* Mama wa chumba cha nne anahisi ganzi kwenye waya wa kuanikia nguo. Waya huo ni wa kufungia nondo. Upande mmoja umefungwa kwenye msumari wa paa la jiko, upande wa pili kwenye nguzo ya mkoko.

*Siku ya 4.* Mpangaji wa banda anamwita rafiki yake anayejua umeme kidogo. Anaweka testa, bisibisi ya kupimia umeme, kwenye bati, taa yake inawaka. Anasema ni umeme wa kupita tu, unatoka kwenye nyaya za barabarani, ila kwa tahadhari anazungushia tepu mpya kwenye kiungo kinachoonekana pale bandani.

*Siku ya 6.* Mvua inakatika. Ganzi inaisha. Watu wote wanaamini tepu imefanya kazi.

*Siku ya 8.* Ugomvi wa LUKU. Yuniti za wiki zimekwisha siku mbili mapema. Lawama zinaangukia friji ya bandani. Wakati huohuo mpangaji wa chumba cha mbele analalamika kwamba ukumbini jioni kuna harufu kama ya samaki. Plastiki ya umeme inayoungua hutoa harufu hiyohiyo, lakini Tanga harufu ya samaki haimshtui mtu.

*Siku ya 11.* Mvua imenyesha usiku kucha, asubuhi jua limetoka. Mama wa chumba cha nne amefua kanga karoni, yuko pekupeku, miguu ndani ya maji ya sabuni yaliyomwagika kwenye sakafu. Anaushika waya kwa mkono wa kushoto ili auvute chini, atupie kanga kwa wa kulia.

Mkono ulifunga palepale. Mkondo wa miliampea 10 hadi 16 unatosha kukaza misuli ya kiganja kiasi cha mtu kushindwa kuachia, na uliopita mwilini mwake ulikuwa mkubwa zaidi. Kijana wa chumba cha pili alimshika begani ili amvute, naye akarushwa nyuma. Mwingine alikimbilia meni swichi, akakuta kabati la vyombo limesogezwa mbele yake. Ikabidi apande juu ya kinu kilichogeuzwa ndipo aifikie. Kabla hajafika, mzee wa nyumba ya jirani alichukua mchi mkavu uliokuwa umeegemezwa jikoni, akaupiga waya karibu na paa. Waya ukakatika kwenye msumari. Mama akaanguka.

Alikuwa anapumua, hana fahamu. Mtu mmoja aliagiza maziwa, mwingine akataka afukiwe kwenye mchanga. Binti wa chumba cha tano, aliyewahi kusoma huduma ya kwanza, alikataa vyote viwili, akamlaza ubavu, akasikiliza pumzi mpaka bajaji ilipofika. Hospitali alipimwa moyo na akalazwa usiku mmoja. Aliungua kiganja, na vidole viwili vimebaki vigumu kukunja.

Alichokikuta fundi

Fundi mwenye leseni aliitwa mchana. Aliacha meni swichi imezimwa, akatoa fyuzi zote, akapima kila kitu kikiwa kimekufa. Ni utaratibu wa kuigwa: sehemu ambayo imeshajeruhi mtu haihitaji kuwashwa ili kuthibitisha.

Malti mita kati ya laivu ya waya wa banda na bati la jiko ilisoma omu 0.8. Yaani bati na laivu vilikuwa kitu kimoja. Pale waya ulipopita juu ya ukingo wa bati, upepo ulikuwa umeusogeza mbele na nyuma kwa miezi, na makali ya bati yakala ganda la nje na la ndani kwa urefu wa ukucha. Shaba iliyobaki wazi ilikuwa imegeuka kijani kwa chumvi ya hewa ya pwani, na katikati ya kijani kulikuwa na doa dogo jeusi linalong'aa, ndipo ilipokuwa inagusana na bati.

Kiboksi cha ukumbini kilikuwa kimebadilika rangi kuwa kahawia, upande mmoja umelegea. Gundi ya tepu ilikuwa imeyeyuka na kuchuruzika ukutani kama asali. Kiungo cha kusokota kilibaki na nyuzi chache zinazobeba mzigo wote. Nyingine zilikatika au kuota kutu. Kipimo cha uwezo wa ganda la waya kwa volti 500 kwenye sakiti ya taa kilitoa megaomu 0.02, wakati kiwango cha chini kinachokubalika ni megaomu 1. Alipoukata waya wa banda, sakiti ileile ilisoma 4. Waya za zamani, pamoja na uzee wake, hazikuwa na kosa.

Mwisho, ethi. Fimbo ilikuwepo ardhini nyuma ya nyumba, lakini waya wake ulikuwa umekatwa sentimita chache juu ya ardhi. Shaba ina bei kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Hakuna aliyejua ilikatwa lini, kwa sababu ethi ikiondoka hakuna taa inayozima.

Kwa nini hakuna kilichokatika

Swali hili liliulizwa na kila mtu uani: kama umeme ulikuwa unavuja siku zote hizo, mbona fyuzi haikukatika?

Fyuzi na breka vinalinda waya usiungue. Vinaona wingi wa mkondo tu. Mkondo ukipita ndani ya mtu badala ya pasi, kwao ni uleule. Paa la jiko liliketi juu ya boriti na tofali, na waya wa nguo uliishia kwenye nguzo ya mbao. Vikiwa vikavu, umeme haukuwa na njia ya kwenda ardhini, kwa hiyo paa na waya vilikaa na volti 230 kimya kabisa. Vikilowa, kiasi kidogo kilipenya ukutani. Chukulia ampea 0.3: kwa mita hiyo ni wati 69, na kwa siku nzima ni karibu yuniti 1.7. Ndizo yuniti zilizomlaumisha mwenye friji. Lakini ampea 0.3 haikati fyuzi yoyote, hata ya ampea 5 iliyo halali.

Mwili uliolowa, kiganja kimekaza na miguu majini, una ukinzani wa takriban omu 1,500. Volti 230 hapo zinapitisha kama miliampea 150. Moyo unaweza kuvurugika chini ya hapo, mkondo ukidumu zaidi ya pigo moja la moyo. Na miliampea 150 ni sehemu ya 33 ya ampea 5. Kwa hiyo hata kama mpangaji asingegusa fyuzi, mama huyu angepigwa vilevile. Fyuzi halali ingezuia kiboksi kuungua, yaani ingezuia moto, ambao kwa hali ya kile kiboksi ulikuwa njiani. Ni hatari mbili tofauti, zenye kinga mbili tofauti, na mafundi wengi wa mtaani huzichanganya.

Kinga ya mtu ni kile kifaa mafundi wanachokiita RCD. Kinalinganisha mkondo unaokwenda kwa laivu na unaorudi kwa nyutro. Tofauti ikifika miliampea 30 kinakata ndani ya sekunde 0.3, na ikifika 150 kinakata ndani ya sekunde 0.04. Nyumba hii isingefika siku ya pili: uvujaji wa mvua ya kwanza ulikuwa mara kumi ya kipimo hicho, kwa hiyo usiku uleule umeme ungekatika na usingekubali kurudi.

Maamuzi, moja baada ya jingine

Mwenye nyumba aliona anaokoa gharama ya fundi, na kwa mazoea yetu "jiunganishie" ni ukarimu. Lakini kila kilicho baada ya mita ni chake. Shirika la umeme linaishia pale. Kumruhusu mpangaji aunge ni kuikabidhi nyumba nzima kwa mtu anayeondoka mwisho wa mkataba.

Mpangaji wa banda hakuwa mjinga wala mzembe. Alichagua waya kwa jicho: unawasha taa, basi unatosha. Kosa lake zito ni fyuzi. Fyuzi inayokatika mara mbili kwa sababu moja imeshatoa jibu.

Rafiki mwenye testa ndiye aliyekuwa na nafasi nzuri kuliko wote. Ni kweli testa ya bisibisi huwaka hata kwa umeme hafifu wa kupita, kwa hiyo dhana yake haikutoka hewani. Ila dhana hiyo inapimika: zima meni swichi, gusa bati tena kwa testa. Ikizima, umeme ni wa humu ndani. Sekunde kumi. Badala yake alizungushia tepu kiungo kizima, mita nne kutoka kwenye kidonda.

Kisha mvua ikakatika na kumpa haki asiyostahili. Bati liliendelea kuwa na volti 230 siku ya 6 kama siku ya 4; kilichokauka ni sakafu na miguu ya watu. Mtu mwenye ndara kwenye saruji kavu hupitisha mkondo mdogo asiouhisi. Dalili inayokuja na mvua na kuondoka na jua ni alama karibu ya uhakika kwamba kuna laivu iliyo wazi ikigusa bati, ukuta au bomba, na anayeingoja ikauke anapoteza muda bora wa kuitafuta.

Ugomvi wa LUKU nao ulikuwa kipimo tosha, laiti ungetumika hivyo. Chomoa kila kitu, zima taa zote, nenda kaangalie taa nyekundu ya mita. Ikiendelea kupepesa, kuna kitu kinakunywa umeme ambacho hukioni: uvujaji, au jirani.

Katika uokoaji, mchi ulifaa kwa sababu ulikuwa mkavu, mrefu, na mzee alikuwa na ndara. Lakini waya kukatikia upande wa paa ilikuwa bahati. Ungekatikia upande wa nguzo, ncha yenye umeme ingeangukia sakafu iliyolowa iliyojaa watu. Kuzima meni swichi ndiyo njia ya kwanza, na hapa ilicheleweshwa na kabati. Kukataa maziwa kuliokoa pia: asiye na fahamu akinyweshwa, maziwa huingia kwenye mapafu. Angekuwa hapumui, hatua ingekuwa kumkandamiza kifua katikati, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kusubiri bajaji.

Matengenezo

Waya wa banda ulitolewa wote, haukufungwa tepu. Ilipitishwa kebo mpya ya 2.5 yenye nyuzi tatu, mita 18, ndani ya bomba la plastiki lililofukiwa kina cha sentimita 50 na kufunikwa kwa tofali, kutoka kwenye kisanduku kipya chenye RCD ya miliampea 30, breka ya ampea 6 kwa taa, na za ampea 20 kwa soketi, banda likiwa na yake peke yake. Viungo vyote vikafungwa kwa viunganishi vya skrubu ndani ya viboksi vyenye kifuniko. Ardhini zikapigwa fimbo mbili za mita 1.2, zikiachana mita 2.5, zikaunganishwa kwa waya wa 16 uliofichwa ndani ya bomba ili usimvutie mwenye mizani. Waya wa nguo ulibadilishwa kwa kamba ya nailoni kati ya nguzo mbili. Hilo la mwisho ndilo la bei ndogo kuliko yote, na lingetosha kumwepusha mama siku ile.

Mwenye nyumba alitaka pia kupiga marufuku pasi na mabirika. Fundi alimshauri aache: marufuku ya namna hiyo huzaa waya mwingine wa siri.

Wiki ya tatu RCD ilikata saa kumi na moja alfajiri, ikarudishwa, ikakata tena. Kufikia saa moja wapangaji walikuwa wameshakubaliana kifaa ni kibovu na kijana wa chumba cha pili alikuwa tayari na bisibisi ili akiruke. Fundi alipigiwa simu, akawaambia wachomoe vyote, warudishe kimoja kimoja. Kilikata kwa birika la chumba cha mbele. Walipolifungua chini, maji yalitoka.